Ukurasa wa Mwisho wa Daftari

Duka langu liko Chavakali, nyuma ya kinu cha kusaga,
mbao chache na bati moja linalovuja juu ya chumvi.
Sukari nauza kwa kijiko, sabuni nakata kwa uzi,
na daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli
ndilo linalojua nani ni mwaminifu.

Neno hilo ni letu, la dukani.
Mwaminifu si yule asiyekopa.
Ni yule ambaye mfuko ukiwa mtupu
hupita mbele yangu mchana kweupe,
husimama, husema: Mama Kavulani, bado.
Wengine hubadili njia.
Huzunguka kwa mashamba ya chai,
umande unawalowesha hadi magotini
kwa ajili ya shilingi arobaini.

Mwezi wa nne mwamba ulimponyoka Jotham machimboni.
Walimleta amelala juu ya mlango uliong'olewa.
Miguu haisikii. Kiuno hakisikii.
Masikio ndiyo yanayosikia,
na usiku nikilia, hujifanya amelala.

Usiku wa kwanza nilifungua ukurasa wa mwisho
nikaandika jina: MUNGU.
Chini yake, kwa mwandiko uleule wa viberiti na chumvi:
Mgongo wa Jotham.
Ng'ombe mmoja, mweusi, aliyekwenda kwa bili ya hospitali.
Karo ya Kavulani, muhula wa pili.
Usingizi.
Huo sikujua niutie bei gani.

Mchungaji aliuona. Akasema, mama, Mungu hadaiwi.
Nikampimia sukari yake, nikamfungia, nikanyamaza.
Hadaiwi?
Sisi tuketio nyuma ya kaunta tunajua:
mwenye kuahidi ameshajiandika.
Wala sikuliandika jina lile kwa dharau.
Nisiyemwamini simkopeshi.

Muuguzi wa Mbale alinionya:
mwili usiogeuzwa huoza ukiwa hai.
Kila saa tatu, mama, usiku na mchana.
Jotham ni mtu wa mawe, mabega kama lango,
na mimi ni hivi nilivyo.
Usiku wa pili nilimgeuza nusu, nikaishiwa nguvu,
tukabaki hivyo, yeye ameinama ukutani,
mimi nimemkumbatia kwa nyuma kama mtu anayezama.
Nikamkumbuka Mwana, jinsi alivyopigiliwa
na hapakuwa na wa kumgeuza.

Saa nane, mvua ya mawe, mlango ukagongwa.
Vugutsa.
Vugutsa ambaye ana kurasa mbili nzima peke yake,
tangu matanga ya mamake,
Vugutsa wa njia ya mashamba ya chai.
Maji yanamchuruzika, kichwani ana gunia.
Akasema tu: wewe shika kichwa.
Tukamgeuza.
Akanywa maji kikombe kimoja, akaondoka.
Deni hakulitaja. Nami nilitaje vipi?

Akaja kesho yake. Akaja Jumapili, ngoma za kanisa
zikiwa bado masikioni mwake.
Amekuja hadi mbwa wamechoka kumbwekea.

Nilimwuliza Mungu, huyu ndiye?
Katika watu wote wa Maragoli,
wenye magari, wenye mabati mapya,
umemchagua asiyelipa hata kibiriti?
Hakunijibu. Nje, kodo kodo za viatu vya mpira
zikawa zinapanda kilima.

Ukurasa ule sijauchana.
Sijaandika "amelipa"; ningekuwa mwongo,
na Jotham yuko pale pale, anatazama bati.
Kavulani bado yuko nyumbani, ananiuzia duka.
Usiku mwingine hasira hunipanda, nikaongeza mstari.
Lakini pembeni, kwa kalamu nyekundu,
nimeanza kuweka tarehe, na neno moja:
Amepita.
Jana, amepita.
Leo, saa nane, tope hadi vifundoni: amepita.

Deni liko. Ni refu.
Ila njia hajabadili.